Na wajomba je?

Mwandishi mmoja anasema watoto wa Tandahimba, huku Mtwara, wanaharibika kwa kuwa baba hawapo. Sawa, ila huku kwetu, Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo ulifuata upande wa mama na mjomba alikuwa na sauti kubwa juu ya mtoto. Baba yangu aliondoka msimu wa korosho, pesa za mnada mfukoni, hakurudi. Mjomba akaja na baiskeli, gunia la muhogo nyuma. Kila Ijumaa alikagua madaftari yangu, na kusoma hajui. Alikuwa anahesabu alama za vema tu. Siku hizi wajomba nao wako Dar, wanatuma salamu. Lakini baba asijifiche nyuma ya mjomba: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamdai matunzo. Dada zangu, nendeni ustawi wa jamii pale halmashauri.