Desibeli 86 za Mzee

Mwenye ukumbi alikuwa amechoka kuitwa serikali ya mtaa kwa ajili ya kelele. Safari ya mwisho akasainishwa: muziki usizidi desibeli 90 pale kwenye meza ya mitambo. Ndipo nikatafutwa mimi na maiki yangu ya kupimia, ile nyembamba kama penseli, ambayo MC aliichomoa kwenye stendi akaanza, "Haloo, haloo, maharusi wako njiani!" Nikamnyang'anya kwa adabu.

Maiki ya kupimia peke yake haijui desibeli. Inaleta umeme kidogo tu, na programu lazima iambiwe umeme huo ni sawa na kelele kiasi gani. Kazi hiyo ni ya kalibreta, kifaa cha kiganjani chenye tundu. Unaingiza kichwa cha maiki, kifaa kinapiga mlio mmoja wa hezi 1000 wenye desibeli 94, yaani shinikizo la paskali 1, nawe unaiandikia programu "94". Mmeelewana. Kuanzia hapo geini, yaani kiasi cha kukuza umeme wa maiki, haiguswi. Mimi hubandika utepe kabisa juu ya kitufe, maana kwenye harusi kila mjomba ni fundi mitambo.

"Na hiki nacho? Cha presha?" Mzee mwenye ukumbi aliuliza, kalibreta mkononi, wakati mimi niko juu ya ngazi nafunga spika.

"Hapana mzee, kinapiga mlio tu."

Akakigeuza, akabonyeza huku, akasukuma kule. Piiiii! Mlinzi akakimbilia jikoni kukagua mtungi wa gesi.

Nikashuka, nikakichukua, nikaseti. Programu ikatulia kwenye 94, mzee akavuta kiti mbele ya kompyuta, na hapo ndipo ukawa mwisho wa mamlaka yangu.

Maharusi wakaingia. Muziki ukawaka. Kompyuta: 78.

"Fundi, mbona chini hivyo? Tuna desibeli 12 za bure hapa!"

Nikaongeza. Glasi zikaanza kutembea zenyewe mezani. Kompyuta: 86. Bibi mmoja wa meza ya mbele akachana tishu, akaziba masikio, akaendelea kula pilau.

"Mzee, sauti hii imezidi. Masikio yangu yanakataa."

"Masikio yako yamesaini wapi? Mimi nimesaini desibeli."

Nikapitisha kalibreta tena kwenye maiki, kuhakikisha. Programu ikaandika 94, pale pale, haikuyumba. Hapo ningesema nini? Mzee akanitazama kama mshindi wa kesi.

Mjumbe wa shina akafika, kanzu yake ikipepea kwa besi. Alizungumza kwa muda mrefu na kwa hasira, lakini hakuna aliyesikia neno. Mzee akamshika mkono, akamkalisha mbele ya kioo, akamwonyesha kwa kidole: 86. Mjumbe akavaa miwani. Akasoma. Akavua miwani, akagusa kifua chake kilichokuwa kinatetemeka, akavaa tena miwani.

Umeme ukakatika.

Kompyuta ilikuwa na chaji, na maiki ilikula humo humo, kwa hiyo kipimo kikaendelea. Nyuma ya ukuta jenereta likakohoa, likanguruma. Watu walikuwa wanaitana gizani. Kompyuta: 41.

"Unaona, mjumbe," mzee akasema, "ukumbi wangu ulivyo mtulivu?"

Arobaini na moja! Hiyo ni sebule ya watu waliolala mchana. Nikamulika kalibreta kwa tochi ya simu. Swichi yake ina sehemu mbili, 94 na 114, na ilikuwa imekaa kwenye 114. Kidole cha mzee hicho! Kumbe kifaa kilikuwa kinapiga paskali 10, mimi naiambia programu ni 1, na kila namba ya usiku ule ilipungua desibeli 20. Ndiyo maana hata nilipokagua ilikubali: shahidi alikuwa yule yule.

Nikarudisha swichi, nikaseti upya gizani. Jenereta likashika, taa zikarudi, DJ akaendelea alipoachia. Namba zikapanda zikawa nyekundu: 106.

Mjumbe akavaa miwani.

Mzee akainama sikioni kwangu. "Mwanangu," akasema, "ile kompyuta ya mwanzo umeiweka wapi?"