Nauli ya Mahojiano

Jumanne iliyopita bibi ninayemhudumia hapa Baltimore alinipa barua ya mjukuu wake nimsomee, maana macho yake siku hizi hayaoni herufi ndogo. Binti huyo amemaliza chuo mwezi Mei. Shirika moja la kutetea haki za raia lililoko Washington limemwita kwa mahojiano. Ni kazi ya miaka miwili wanayowapa vijana waliotoka chuoni juzi juzi, hasa wa jamii ambazo ofisi hizo zimezoea kuzitetea bila kuziajiri. Huku wanaiita feloshipu. Nikasoma. Mshahara wa mwaka umeandikwa kwa tarakimu. Bima ya matibabu imo. Nikafika aya ya tatu: tikiti yako ya treni ya kuja na kurudi tumeshaikata, chakula cha mchana ni juu yetu, na ukiona utachelewa kurudi tuambie tukutafutie pa kulala.

Nikairudia ile aya. Bibi akaniuliza mbona nimenyamaza.

Nina miaka kumi na mmoja huku. Barabara zao hazijawahi kunitia wivu, wala stima isiyopotea. Lakini tikiti ya treni ya kwenda Washington, safari ya saa moja hivi, ilinikaa kooni mchana kutwa. Nilikuwa nikimfikiria binti wa jirani yetu kule Msambweni.

Yeye ni Mmakonde wa Makongeni. Babu yake alitoka Msumbiji kuja kufanya kazi mashambani Kwale, akazaa, akazikwa huko huko, na hakuna aliyempa kitambulisho, yeye wala watoto wake. Maisha ya mtu asiye na kitambulisho mwayajua, sitayaeleza. Oktoba 2016, Wamakonde walipofunga safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Ikulu ya Nairobi, mama yake alikuwamo, na kanga mbili na chupa ya maji. Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha. Kwa kadi hiyo binti akaenda chuo kikuu, wa kwanza kwao, akarudi na shahada.

Akaingia katika shirika moja la pwani linaloshughulikia mambo hayo hayo ya uraia. Akaambiwa karibu, ila kwa sasa ni kujitolea, na nauli utajitegemea. Akajitegemea mwaka mmoja na miezi minne. Saa kumi na moja alfajiri yuko barabarani: matatu mpaka Ukunda, nyingine mpaka Likoni, feri, kisha kwa miguu mpaka ofisini. Feri ni ya bure kwa waendao kwa miguu, lakini matatu si za bure, na mama yake anauza mihogo ya kukaanga. Wazee wasiojua Kiswahili cha fomu yeye ndiye aliyewatafsiria. Yeye ndiye aliyejua nyumba gani ina mwanamke aliyejificha siku ya kuandikishwa kwa kuogopa polisi. Picha yake wakaiweka kwenye jalada la ripoti waliyowapelekea wafadhili. Nimeiona, amevaa leso ya mama yake na anacheka. Pesa zilipofika, nafasi ikatangazwa: uzoefu wa miaka mitatu katika kazi ya kulipwa, na leseni ya udereva. Akachukuliwa kijana kutoka Nairobi. Simlaumu kijana huyo, naye alikuwa akitafuta riziki. Nawalaumu waliomtumia mtoto wetu kama kielelezo, na siku ya mshahara wakamwona hajakomaa.

Baadaye ofisi nyingine, ya Nairobi, ikamwita mahojiano. Akakopa, akapanda basi la usiku, akashuka alfajiri na bahasha yake ya kaki, akalipia choo cha kituo cha mafuta ili anawe uso na abadilishe blauzi. Saa nne akaambiwa jopo halijatimia, arudi Alhamisi. Ilikuwa Jumatatu. Mkononi alikuwa na shilingi mia tatu.

Basi nawasikia tayari. "Ameshaanza huyu, wakishapanda ndege nyumbani kunanuka." Hapana. Nyumbani hakunuki. Mwaka jana nilimsimulia bibi huyu habari za ile safari ya Wamakonde. Yeye alikuwa msichana mwaka 1965 watu walipotembea kutoka Selma hadi Montgomery kudai kura, na mjomba wake alikuwa kwenye msafara. Alinishika mkono akasema, "Kumbe na ninyi mlitembea." Nilijisikia fahari ambayo sijaipata katika jambo lingine lolote katika nchi hii. Tuna watu wa kutembea. Ninachodai ni kwamba watoto wa waliotembea walipiwe matatu.

Mwingine atasema Marekani ndiyo ya kutufundisha haki, nchi hiyo ya ubaguzi? Ndugu yangu, mimi naishi humu na ngozi yangu, naujua ubaguzi wao kuliko unavyouona kwenye simu. Kwa kweli hata nafasi hizi zenyewe zinapigwa vita. Juni 2023 Mahakama yao ya Juu ilivikataza vyuo kuangalia rangi ya mwombaji, na hazikupita wiki nyingi makampuni ya mawakili yaliyokuwa na feloshipu za vijana wa jamii zilizoachwa nyuma yakashtakiwa, yakalazimika kubadilisha masharti. Kwa hiyo si peponi. Lakini waliobaguliwa huku walishika jambo moja mapema, kwamba mtoto wa maskini hakwamishwi na akili, anakwamishwa na nauli.

Tazameni Thurgood Marshall. Ni mzaliwa wa mji huu huu, mwaka 1908, na uwanja wa ndege niliotua siku yangu ya kwanza unabeba jina lake. Shule ya sheria ya Maryland, hapa mjini, haikuwa ikipokea Weusi, kwa hiyo akasomea chuo kikuu cha Weusi cha Howard, Washington, kila siku treni ya kwenda na treni ya kurudi, na mama yake aliweka rehani pete zake za ndoa na uchumba ili karo ipatikane. Alihitimu 1933. Mwaka 1936 akashinda kesi iliyoilazimisha shule ile ile ya Maryland imfungulie mlango kijana Mweusi. Mwaka 1940 akaanzisha shirika la mawakili wa haki za raia liitwalo Legal Defense Fund, na hilo ndilo lililoshinda kesi ya Brown mwaka 1954, iliyoharamisha kuwatenga Weusi na Weupe katika shule za umma. Na huyu si wa kwao peke yao. Tom Mboya, mwanasiasa wetu na kiongozi wa wafanyakazi, alimwita, na mwanzoni mwa 1960 Marshall alikuwa kwenye mazungumzo ya katiba ya Kenya huko Lancaster House, London, mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya, akiandika rasimu ya sheria ya haki za binadamu kwa ajili yetu, akishikilia kwamba jamii ndogo zilindwe. Jamii ndogo, ndiyo kusema watu wa Makongeni.

Katika ofisi yake kulikuwa na Constance Baker Motley, mtoto wa wahamiaji kutoka kisiwa cha Nevis. Alimaliza sekondari na pesa za chuo hakuna. Tajiri mmoja akamsikia akihutubia mkutano wa mtaani, akamlipia masomo yote. Binti huyo alifika mbele ya Mahakama ya Juu mara 10 akashinda kesi 9, na mwaka 1966 akawa jaji wa shirikisho, mwanamke Mweusi wa kwanza. Mwaka 2021 shirika hilo la Legal Defense Fund liliwaunganisha Marshall na Motley katika jina la mpango mmoja: vijana 50 wanasomeshwa sheria bure, karo, malazi na chakula, wanafundishwa kazi miaka miwili, kisha wanatumikia jamii za majimbo ya Kusini miaka minane. Mfadhili alitoa dola milioni 40 na jina lake halikutajwa. Miaka minane! Huyo mtu hatoki hapo akiwa mwanagenzi.

Hapo ndipo mtaniambia: "Sisi hatuna matajiri wa milioni 40." Mimi sisemi milioni 40. Nasema nauli. Kwa mazishi tunachanga, kwa harusi tunachanga, na mheshimiwa akija Jumapili na bahasha tunampigia vigelegele. Na tuliwahi kulifanya jambo hili hili kwa ukubwa wa kuushangaza ulimwengu. Septemba 1959 ndege ya Mboya ilipaa na wanafunzi 81, na mpaka 1963 walikaribia 800, kutoka Kenya na nchi jirani. Vyuo vya Marekani vilikuwa vimetoa nafasi. Kilichokosekana ni nauli. Mboya hakuwaambia vijana wale wajitegemee. Alizunguka Marekani akiomba, mchezaji besiboli Jackie Robinson na mwimbaji Harry Belafonte wakamsaidia kukusanya, na mwaka 1960 wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Wangari Maathai alisafiri mwaka huo huo. Nani leo anaweza kusema angepaswa kujitolea kwanza kupata uzoefu?

Kisha tukaandika Katiba ya 2010, na Kifungu cha 56 kinaiagiza serikali iweke mipango ya kuzipa jamii ndogo na zilizotengwa nafasi maalumu za elimu na za ajira. Kimeandikwa vizuri mno. Mashirika yetu ya haki yanakinukuu kwenye kila semina ya hotelini, yenye chai ya saa nne na posho ya washiriki, na binti anayegawa makaratasi mlangoni halipwi. Hilo ndilo linalonichoma. Serikali kuwanyonya walimu wanagenzi wa sekondari za chini (JSS) tumezoea kuipigia kelele. Hawa wanaojiita watetezi wa haki nani anawauliza?

"Kujitolea kunajenga moyo." Nimeambiwa hivyo na mtu ninayemheshimu, kaka wa mtaani kwetu aliyefika mbali katika kazi hizi. Kaka, nakupa heshima yako, lakini wewe ulijitolea ukilala kwa ami yako Tudor, Mombasa, na kula kwake. Asiye na ami Tudor huwa hafiki hata ofisini. Ndiyo maana mashirika yanayopigania vitambulisho yamejaa watu ambao hawajawahi kuulizwa babu yao alizikwa wapi. Huku mjukuu wa bibi aliulizwa kwenye fomu familia yake imepitia nini, akaandika kurasa mbili, na alichoandika kikahesabiwa kama ujuzi. Binti wa Makongeni anaujua uraia tangu akiwa mgongoni mwa mama yake, na kwenye vyeti vyake hakuna pa kuliandika hilo.

Juzi alinipigia. Ameitwa tena, Nairobi, shirika jingine. Treni ya SGR daraja la kawaida ni shilingi 1,500, na kuna matatu za kufika Miritini na za kutoka Syokimau kuingia mjini. Nikamwambia nitumie namba yako ya M-Pesa, hizo ni ndogo. Akakaa kimya kidogo.

"Shangazi, zako ziweke kwanza. Safari hii nimewaandikia wao. Nimewauliza kama watanilipia nauli."

Mahojiano ni Jumatatu saa tatu. Leo ni Ijumaa usiku kwao, na bado hawajamjibu.