Kuingia kompyuta kwa mbali: wanaoambiwa wafute AnyDesk ndio wanaoihitaji zaidi

Kuna ushauri unaopita sana kwa wafanyabiashara: kama una AnyDesk au TeamViewer, programu zinazomwezesha mtu aliye mbali kuiona na kuiendesha kompyuta yako, kwenye kompyuta ya dukani, ifute leo hii, maana ndiyo mlango wa wezi. Wanaoutoa wana sababu, na nitazifikia. Ila ushauri wenyewe umesimama juu ya dhana iliyopotoka, kwamba programu hizi ni za benki, kampuni za simu na mashirika makubwa, na mwenye duka la dawa aliyenazo ameingilia mambo ya wakubwa.

Benki wanaingia kompyuta za matawi kwa mbali, hilo ni kweli. Lakini benki ina kitengo kizima cha TEHAMA. Karani wa tawi la Tunduru akikwama anapiga namba ya ndani, na anayeishika kompyuta yake kutoka makao makuu ni mwajiriwa mwenzake, ndani ya mtandao wa benki yenyewe. Ifutie benki AnyDesk, haitatikisika. Kampuni za simu ni vivyo hivyo. Tuwaache hao.

Anayetikisika ni mwenye duka la vifaa vya ujenzi Sumbawanga. Huyu hakuamka siku moja akatamani kompyuta; kodi ndiyo iliyomsukuma. Tanzania ilianza na mashine za EFD, zile za risiti za kodi, mwaka 2010. Uganda ikaleta EFRIS, mfumo wake wa risiti za kielektroniki, mwaka 2021. Kenya nako, tangu Januari 2024, gharama nyingi za biashara zisizo na ankara ya eTIMS, yaani ankara ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi, hazipunguzwi kwenye hesabu ya kodi ya mapato. Ukishakuwa na risiti ya mashine unataka na stoo isome hesabu hiyohiyo, kwa hiyo unanunua programu ya mauzo. Aliyeiuza yuko Kariakoo. Kutoka Kariakoo hadi Sumbawanga ni zaidi ya kilomita elfu moja.

Sasa chukua tarehe 19 ya mwezi wowote, siku moja kabla ya mwisho wa kuwasilisha ritani ya VAT. Jana umeme ulikatika ghafla, na leo programu haifunguki. Ripoti ya mauzo haitoki, na kijana wa kaunta ameanza kuandika kwenye daftari. Fundi akiitwa aje mwenyewe, ni nauli ya kwenda na kurudi, chumba cha gesti, posho, na siku nzima barabarani kabla hajagusa kibodi. Wapo wanaofunga kompyuta kwenye boksi na kuipakiza kwenye basi kama kifurushi. Kwa AnyDesk, mwenye duka anamsomea fundi namba ya tarakimu tisa au kumi iliyo kwenye skrini na kubofya kukubali. Mara nyingi tatizo ni dogo tu: kanzidata haikuwaka yenyewe baada ya umeme kurudi, au faili moja limeharibika na inabidi lirudishwe lile la juzi. Kazi ya nusu saa, kwa gharama ya bando.

Kwa hiyo ukiniuliza ni biashara za aina gani hasa zinazotumia programu hizi, nitasema zile zenye kompyuta lakini hazina fundi wa kompyuta kwenye orodha ya mishahara. Duka la dawa linalofuatilia tarehe za dawa kuisha muda. SACCOS ya walimu yenye mhasibu mmoja. Shule binafsi ambayo ada na matokeo vyote viko kwenye mashine moja ofisini kwa mkuu. Hoteli ndogo za Nungwi na Paje, ambako mfumo wa kupokea wageni ukigoma usiku wa manane mtu wa mapokezi hana wa kumgongea mlango. Na kuna kundi linalosahaulika, wahasibu wa kujitegemea wanaobeba hesabu za wateja wengi kwenye programu za uhasibu kama QuickBooks au Tally. Hao hawatengenezi wala hawatengenezewi chochote. Wanaingia kwenye kompyuta ya mteja, wanafunga mwezi, wanatoka. Waondolee njia hiyo, na wateja wa mikoani ndio watakaokuwa wa kwanza kuachwa.

Anayedhani nawapamba wadogo aangalie ushahidi uliotoka mahali pasipotarajiwa. Tarehe 2 Julai 2021, kundi la wahalifu wa mtandao la REvil lilitumia udhaifu ndani ya VSA, programu ya kampuni ya Kaseya inayowawezesha mafundi kusimamia kompyuta za wateja wao kwa mbali, likafunga mafaili ya watu na kudai dola milioni 70. Siku chache baadaye Kaseya ilitoa hesabu ambayo mimi hurudi kuitazama mara kwa mara. Wateja wake wa moja kwa moja walioingiliwa hawakufika 60, na wengi wao walikuwa kampuni zinazotoa huduma za kompyuta kwa wengine. Chini yao zilidhurika biashara kati ya 800 na 1,500. Na biashara zote ndogo zilizokuwa zikisimamiwa na wateja wa Kaseya, kwa makadirio ya kampuni yenyewe, zilikuwa kati ya 800,000 na milioni moja.

Programu moja tu, ya kampuni moja, na nyuma yake karibu biashara milioni. Hizo ni biashara gani? Mkurugenzi mtendaji wa wakati huo, Fred Voccola, aliwataja waliodhurika kuwa ni kliniki za madaktari wa meno, ofisi za wasanifu majengo, vituo vya upasuaji wa urembo, maktaba. New Zealand ziliguswa shule na chekechea. Wahalifu, bila kukusudia, walituonyesha wanaotegemea msaada wa mbali ni akina nani, na majina makubwa hayakuwa mengi.

Hesabu hiyohiyo inampa nguvu mpinzani wangu, na sitaificha. Chini ya 60 hadi kati ya 800 na 1,500 maana yake ni kwamba kila aliyeingiliwa, kwa wastani, aliangusha biashara zaidi ya 13, na huenda 25 au zaidi. Na namba hizo zinapunguza ukubwa wa jambo. Mnyororo wa maduka wa Coop nchini Sweden unahesabika kama biashara moja, lakini Jumamosi ya tarehe 3 Julai ulifunga maduka yapatayo 800 kwa sababu mashine za kupokea malipo hazikufanya kazi. Coop haikuwa mteja wa Kaseya. Mashine zake zilisimamiwa na kampuni nyingine, Visma EssCom, na hiyo ndiyo iliyotumia programu ya Kaseya. Mashine zikawa haziwezi kutengenezwa kwa mbali, ikabidi mafundi watumwe dukani kwa duka kurudisha mifumo kwa mikono. Siku hizo chache Sweden yote ikawa Sumbawanga.

Kinachonisumbua kwenye kisa hiki ni ule mnyororo kuliko hata udhaifu wenyewe. Muuza dawa anamjua fundi wake kwa jina. Hajui fundi huyo anatumia programu ya nani, wala ina masahihisho ya lini. Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande ule, na wanaosambaza ushauri wa kufuta hawaitaji kabisa. Wao wanataja utapeli wa simu.

Utapeli upo. Benki Kuu ya India ilitahadharisha kuhusu AnyDesk tangu Februari 2019, baada ya watu kushawishiwa kuiweka kwenye simu na kusoma namba kwa mtu asiyejulikana, kisha akaunti zikakaushwa. Januari 2023 shirika la usalama wa mtandao la Marekani, CISA, lilieleza jinsi matapeli walivyowapakulisha watumishi wa serikali AnyDesk na ScreenConnect, programu nyingine ya aina hiyo, kwa barua pepe za uongo. Lakini soma kisa hicho kwa makini. Programu zilizotumika zilikuwa za kubebeka, zisizohitaji kusakinishwa. Tapeli anakuja na ya kwake. Mwenye duka aliyefuta AnyDesk asubuhi ataombwa kuipakua tena mchana, na kama hajafundishwa kukata simu ya mtu asiyemjua, kufuta hakukumsaidia kitu. Alichopoteza kwa hakika ni fundi wake halali.

Kampuni zenyewe nazo zimewahi kuingiliwa. AnyDesk ilitangaza hivyo Februari 2024 na kubatilisha vyeti vyake vya usalama. TeamViewer ilifuata Juni mwaka huohuo, ikisema wavamizi, wanaohusishwa na ujasusi wa Urusi, waliishia kwenye mtandao wa ofisi bila kufika kwenye bidhaa. Hayo ni mambo ya kuwafanya watengenezaji wabanwe. Na tuwe waangalifu na visa vya kutisha: kile cha mtambo wa maji wa Oldsmar, Florida, mwaka 2021, ambako mtu alidaiwa kupitia TeamViewer na kupandisha kemikali kutoka sehemu 100 kwa milioni hadi 11,100, kilizunguka dunia nzima. Miaka miwili baadaye aliyekuwa meneja wa mji huo alisema huenda ni mfanyakazi tu aliyebofya vibaya. Maelezo hayo hayakusambaa kama habari ya kwanza.

Kwa maoni yangu ubovu uko kwenye nenosiri la kudumu. Fundi akichoka kumwomba mteja abofye kukubali, huweka nenosiri la kuingia wakati wowote, hata dukani pakiwa hakuna mtu. Kisha, ili asisahau, huweka hilohilo kwa wateja wote. Kijana mmoja akiacha kazi kwa hasira anaondoka na funguo za maduka arobaini. Hapo hakuna haja ya REvil. Wengi pia hutumia toleo la bure lililokusudiwa matumizi binafsi, mpaka TeamViewer inapohisi biashara na kuanza kukata mawasiliano katikati ya kazi. Leseni kwa kawaida hulipwa na upande wa anayesaidia. Muuzaji wa programu anayetoza ada ya kila mwaka hana sababu ya kukwepa gharama hiyo na kumwachia mteja hatari.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake tangu 2019. Fundi anayefungua skrini ya zahanati anaona majina ya wagonjwa na magonjwa yao. Sijui kwa nini jambo hilo linaendelea kuchukuliwa kama upendeleo kati ya marafiki badala ya mkataba wa maandishi.

Na hata anayekubaliana nami abaki na daftari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilidhoofika Tanzania na Kenya, na msaada wa mbali ukadhoofika nayo.

Zipo kazi ambazo kuingia bila mtu dukani hakukwepeki: nakala za akiba za usiku, au seva ya hoteli inayotakiwa kuwashwa upya wageni wakiwa wamelala. Kwa hizo, AnyDesk na TeamViewer zote zina orodha ya namba zinazoruhusiwa na uthibitisho wa hatua mbili, ambavyo wengi hawajawahi kuvifungua. Kwingine kote, bora mtu wa kaunta abofye kukubali kila mara, hata fundi akilalamika. Wakati mzuri wa kulisema hilo ni pale muuzaji anapokuja kudai ada ya mwaka: aeleze nani wana nenosiri la kompyuta hii, na kama ni hilohilo analotumia kwa duka la jirani, alibadilishe kabla ya kulipwa.