Aliyerudi Kutoka Dar

Jamani, nani atatuokoa na watu waliokwenda Dar wikendi moja tu? Ugali wetu sasa ni tofali. Chipsi bila mayai, "mnakulaje hivi?" Sukuma wiki iliyomlea kule Kayole, Nairobi, leo inamkwaruza koo! Halafu anatuhubiria: Tanzania imepiga marufuku mifuko ya plastiki, kuko safi! Ndugu yangu, wao walianza 2019. Sisi Kenya ni tangu 2017, faini hadi shilingi milioni 4. Ulikuwa wapi? Nyanya za soko la Marikiti ulikuwa ukizibeba mdomoni?

Na kama hamjakutana na aliyefika Kigali, subirini. Huyo anashangaa magari kupita kushoto, na amezaliwa hapa hapa Jogoo Road! Rwanda ni kulia, Kenya ni kushoto, basi! Toa nauli, konda wa matatu anangoja.