Gari likiondoka, nani anashika nafasi yake?

Jumapili mchana, katikati ya Nairobi, maegesho ya kando ya Aga Khan Walk huwa uwanja. Watoto wanateleza kwa viatu vya magurudumu, wakubwa wakiwashika mikono wanaojifunza. Jumatatu magari yanarudi. Nikiwatazama hujiuliza kama ni lazima tuondoe maegesho na kuvunja lami yake ndipo watu wapate pa kukaa.

Wanaotaka ivunjwe wana hoja nzito. Wakazi wengi wa jiji hili hutembea kwa miguu au hupanda matatu, ilhali gari la mtu mmoja hushinda mahali pamoja kutwa nzima kwa ada isiyokaribia kodi ya duka lililo mkabala nalo. Tena historia iko upande wao. Bustani ya Jeevanjee, ambayo mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliwapa wananchi mwaka 1906, nusura igeuzwe maegesho ya ghorofa mwaka 1991. Mjukuu wake Zarina Patel alikuwa mstari wa mbele kuipigania, ikapona. Leo wahubiri, wachekeshaji na watu waliochoka tu wanagawana viti vyake.

Sasa twende Luthuli Avenue. Mwaka 2019 magari yaliruhusiwa kupita upande mmoja tu, maegesho yakaondolewa, njia za miguu zikapanuliwa na miti ikapandwa. Picha zake zilipendeza. Lakini Luthuli ni mtaa wa televisheni na maspika, na mteja wa spika lenye urefu wa mtoto halibebi begani hadi stejini. Wenye maduka walinung'unika, nami naona malalamiko yao yalistahili kusikizwa kuliko yalivyosikizwa. Kuna na hili lisilopendwa kutajwa: ada za maegesho ni kati ya vyanzo vikuu vya mapato ya kaunti yenyewe. Anayefagia njia ya miguu hulipwa, kwa sehemu, na yule aliyeegesha.

Hata hivyo, kinachonisumbua zaidi ni kinachofuata gari likishaondoka. Nafasi isiyo na mwenyewe haikai wazi Nairobi. Bodaboda hupanda juu yake, mikokoteni hujipanga, kisha wachuuzi na kanjo, yaani askari wa kaunti, huanza kukimbizana. Kigali, kwa nidhamu yake yote, ilifunga barabara ya KN 4 kwa magari mwaka 2015. Wafanyabiashara wakalalamika kupoteza wateja, na miaka ikapita kabla ya mahali pale kupata sura ya leo ya Imbuga City Walk, yenye viti na miti.

Ndiyo maana ningeanza na Jumapili, kabla ya nyundo. Lami ibaki. Kaunti ifunge maegesho machache siku hiyo, iweke turubai la kivuli, maji na choo kinachofunguka, na imtaje mtu wa kushika ufunguo. Luthuli nayo ipewe saa za alfajiri za kupakia na kushusha mizigo. Mwaka mmoja ukiisha na choo bado kinafunguka, hapo tuzungumze habari ya kupanda miti.