Tuzo iliyobisha hodi Raipur

Kila nikipiga simu Ifakara, swali la pili baada ya salamu ni lile lile: "Huko maisha yakoje?" Nimezoea kujibu kwa bei. Kodi ya chumba kiasi fulani, mchele kiasi fulani, nauli hivi. Baba anapiga hesabu, analinganisha na bei za kwetu, tunamaliza. Leo nataka kujibu vingine, kwa habari za mzee mmoja wa mji huu, kwa sababu amenifanya nione kasoro katika namna tunavyofikiri nyumbani, na mimi nikiwemo.

Mzee huyo ni mwandishi Vinod Kumar Shukla. Alizaliwa mwaka 1937 Rajnandgaon, mji mdogo ulio kilomita sabini hivi kutoka hapa Raipur, India. Akafundisha chuo cha kilimo hapa hapa, akaandika mashairi na riwaya zake hapa hapa, na Desemba 2025 akafariki hapa hapa akiwa na miaka 88. Mwezi mmoja kabla ya hapo alikabidhiwa tuzo ya Jnanpith, ambayo kwa waandishi wa India ndiyo kilele. Hakuifuata Delhi. Alikuwa mgonjwa, basi tuzo ikaja kubisha hodi nyumbani kwake. Ndiye mwandishi wa kwanza wa jimbo la Chhattisgarh kuipata. Miaka miwili nyuma yake, 2023, chama cha waandishi cha PEN cha Marekani kilikuwa kimempa tuzo ya Nabokov, dola 50,000, kwa kazi ya maisha yake yote. Na kazi hiyo yote imeandikwa kwa Kihindi. Inahusu makarani, walimu wa vyumba vya kupanga, wake zao na masufuria yao.

Mimi nilikuja kwa ajili ya mpunga. Chhattisgarh huitwa bakuli la mchele la India, na chuo kikuu cha kilimo cha hapa kimehifadhi mbegu za mpunga za aina zaidi ya 20,000. Kwa mtoto wa bonde la Kilombero, kusoma hapa ni kama kwenda kwa mjomba mwenye shamba kubwa kuliko la baba. Nilipomaliza nikapata kazi kwenye mbegu, nikabaki. Miaka saba sasa.

Kihindi nimejifunza kwa shida. (Tulichokuwa tukikisikia kwenye maduka ya Morogoro tukakiita Kihindi, mara nyingi kilikuwa Kigujarati au Kikachi.) Herufi zake zinaning'inia chini ya mstari kama nguo kwenye kamba, na mwaka wa kwanza nilizisoma moja moja kwa kidole. Lakini maneno yalinipokea. Duka ni dukan, chai ni chai, dunia ni dunia, kitabu ni kitab, gari ni gari. Hata laki, ambayo sisi tunahesabia bei za ng'ombe na mahari, ni yao: laki moja kwao ni 100,000 kama kwetu.

Kitabu cha kwanza nilichokimaliza kwa Kihindi ni riwaya ya Shukla ya 1997, Deewar Mein Ek Khirkee Rahati Thi, maana yake ukutani palikuwa na dirisha likiishi. Kitenzi hicho ndicho kilichoninasa. Dirisha halikuwapo tu. Liliishi pale, kama mpangaji. Mwalimu wa hesabu, Raghuvar Prasad, ameoa juzijuzi, na yeye na mkewe Sonsi wana chumba kimoja tu. Kwenda kazini anagombea tempo, zile bajaji kubwa zinazojaa hadi mlangoni, mpaka siku mtawa mmoja anapita na tembo na kumpa lifti. Usiku mke na mume wanavuka dirisha la chumba chao na kutokea kwenye mabwawa, njia safi, na bibi kizee anayewachemshia chai. Halafu wanarudi, wanalala, asubuhi chuoni. Hakuna anayeshangaa.

Nilikisoma kwenye chumba changu cha kwanza cha kupanga, ambacho dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani, mkono mmoja tu kati yetu. Kukipata chenyewe kilikuwa kisa. Wenye nyumba watatu walikubali kwenye simu, waliponiona uso kwa uso chumba kikawa kimeshachukuliwa. Sisemi hili ili nihurumiwe au niwe na visa vya kusimulia. Nalisema kwa kuwa tukipiga simu nyumbani tunalificha, na wadogo zetu wanapanda ndege wakidhani huku mlango ukigongwa hufunguka. Ana shairi moja Shukla, maarufu sana hapa, la mtu aliyekaa chini kwa kukata tamaa. Mshairi hamjui mtu yule, ila kukata tamaa anakujua. Anampa mkono, wanaondoka pamoja. Siku ya mwenye nyumba wa tatu nilikaa kwenye ngazi ya duka la madawa, begi magotini, na mama muuza chai akaniletea kikombe bila kuniuliza jina wala nchi. Shairi lenyewe nilikuja kulisoma baadaye, na nilipolifikia nilimjua yule mama.

Sasa kasoro yetu. Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, alipopata Nobel ya fasihi mwaka 2021 tulishangilia, na mimi nilishangilia kwa moyo wote. Lakini funzo tulilochukua ni baya. Tulijiambia: umeona, ukitaka kusikika uondoke, na uandike Kiingereza. Gurnah ana njia yake na historia yake iliyomtoa Zanzibar, hiyo si ya mtu kuiga kama mtaala. Kwetu kijana akisema anaandika riwaya ya Kiswahili, anaulizwa kazi anafanya nini. Akisema amepata viza, anachinjiwa mbuzi. Nilichinjiwa. Na ndani ya Ifakara nzima, utoto wangu wote, riwaya ya Kiswahili niliikuta sehemu moja tu, duka la vifaa vya shule, na ni zile za mtihani. Kezilahabi, mwandishi wetu wa riwaya, nilimjua kama maswali ya sehemu C. Sikujua kuwa alikuwa mtu wa Ukerewe aliyekuwa akiishi na kupumua wakati ule ule ninaokariri wahusika wake. Tangu 2023 tunatoa Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu, na ni hatua ya kweli. Ila kitabu kinachoshinda kifike na Ifakara, kikae dukani karibu na sukari.

Na nisipambe ugeni. Huku nako walimtesa mzee wao. Mwaka 2022 alilalamika hadharani kwamba vitabu vyake vinauzwa na yeye anaambulia vijisenti, na kwamba hata akitaka haki zake zirudi hapewi jibu. Ukawa mjadala wa nchi nzima. Wachapishaji nao wakajibu kwa hesabu zao. Halafu riwaya ile ya dirisha ikapata mchapishaji mwingine, vijana wakaanza kuitangaza kwenye simu zao, na mwaka 2025 mzee akakabidhiwa hundi ya laki thelathini, yaani rupia milioni 3, za mauzo ya miezi michache tu. Kitabu cha mwaka 1997! Wasomaji hawakuwa wamekosekana. Walikuwa hawajafikishiwa. Ndiyo maana sikubali tena ule msemo wetu kwamba Mswahili hasomi.

Mwezi uliopita nilimsimulia baba riwaya ya kwanza ya Shukla, Naukar Ki Kameez, ya mwaka 1979. Shati la Mtumishi, ndivyo nilivyomtafsiria. Mkubwa mmoja ameshona shati kwa kipimo cha mtumishi anayemtaka. Mtumishi hayupo, shati lipo. Atakayeenewa ndiye. Na karani mmoja wa ofisini, Santu Babu, mpangaji wa nyumba inayovuja, shati linamkaa sawasawa, na wenzake wanamvika kwa nguvu.

Baba alikuwa tarishi wa ofisi ya serikali miaka ishirini na sita. Namkumbuka alfajiri akipuliza majivu kwenye pasi ya mkaa, akijaribu joto kwa mate kwenye kidole, halafu anaanza na kola. Shati la kaki. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Sikuwahi kumuuliza lolote kuhusu shati lile, wala sikudhani kuna cha kuuliza. Habari zenye maana zilikuwa mbali, na mimi nilikuwa nazifuata.

Nilipomaliza kusimulia akanyamaza. Nikadhani mtandao umekatika.

"Mimi langu lilikuwa na mifuko minne," akasema. "Miwili hakuna aliyeijua."

Akaanza. Kiliwekwa nini katika mfuko gani, barua ya nani aliikalisha siku mbili kwa huruma, mkubwa gani alimtuma kubeba mtoto mgongoni mpaka zahanati mvua inanyesha na shati ni hilo hilo moja. Dakika arobaini. Nikachukua daftari la kazini, lenye vipimo vya mbegu, nikageuza nyuma nikawa naandika kwa Kiswahili kama anavyosema, bila kumkatiza, mpaka bando likaisha.

Nimeshanunua jingine. Amesema hatujafika kwenye habari ya vifungo.