Swichi ya funguo ya pikipiki ya zamani: usiunge kwa rangi, pima kwanza

Ukibadilisha swichi ya funguo kwenye pikipiki ya zamani, ile mbovu usiitupe. Hata kama imekufa kabisa na funguo inazunguka tu humo ndani bila kushika kitu, usiitupe, na waya zake usizikate mpaka kazi iishe. Nimeona watu wengi mno wanaanza na plaizi, wanakata zote, afu wanabaki na waya nne za swichi mpya na nne za pikipiki mkononi wanaanza kuoanisha, nyekundu na nyekundu, nyeusi na nyeusi, wanasema tayari. Hapana, bado, na hapo ndo pikipiki nyingi nzuri zinapoungulia.

Rangi ya waya ni makubaliano ya kiwanda kimoja na watu wake, kiwanda kingine hakihusiki nayo. Kwenye Honda nyingi za zamani nyekundu inatoka betri, nyeusi ndo inapata moto, yaani umeme, ukiwasha funguo, na kijani ni erthi, ile inayofungwa kwenye fremu. Nenda kwenye Yamaha, nyekundu bado ni betri lakini inayopata moto ni ya kahawia, na ile nyeusi ambayo kwa Honda ina moto huku ni erthi! Suzuki moto unatoka na waya ya rangi ya chungwa, Kawasaki nyingi betri inakuja na nyeupe. Sasa mtu anapata swichi ya huku anaifunga kule, nyeusi kwa nyeusi, akiwasha tu umeme wote unakimbilia kwenye fremu, kama fyuzi ipo itakatika na hasara inaishia hapo, lakini kama kuna mtu zamani alishaweka kipande cha waya mahali pa fyuzi basi ni moshi chini ya tanki, na petroli iko hapo juu yake.

Za Uingereza ndo usiseme. Triumph, BSA na Norton za miaka ya 1960 zenye umeme wa Lucas (kampuni iliyozitengenezea vifaa vya umeme), kichwa cha betri kilichofungwa kwenye fremu ni cha chanya, sio hasi. Yaani waya nyekundu ndo erthi. Mtu aliyezoea za Japani akiiona ile nyekundu mkono unaenda wenyewe kuipeleka kwenye swichi, na simlaumu, ila ndo maana nasema macho hayatoshi.

Halafu kuna hili ambalo kwangu ni zito kuliko rangi: hiyo swichi inazimaje injini? Watu hawaulizi. Pikipiki ya betri na koili (koili ndo inaipa plagi cheche), swichi inaunganisha ili injini iwake, ukiizima inakata umeme wa kwenda koili, basi. Ya magneto ni kinyume chake kabisa, injini inajitengenezea cheche yenyewe bila kuomba betri, na ili izime swichi inatakiwa kuipeleka ile waya ya kuzimia kwenye erthi. Kwahiyo kuwasha ni kuachanisha na kuzima ni kuunganisha. Niliwahi kufunga swichi mpya kwenye ya magneto, taa zikawaka vizuri, honi ikalia, nikazungusha funguo kuzima, taa zikazima, injini ikaendelea kunguruma. Ikabidi niingize gia, nishike breki na kuachia klachi ili inyamaze. Swichi ilikuwa nzima tu, ilikuwa ya aina ya betri. Na upande wa pili ni mbaya zaidi, ukiipelekea waya ile ya kuzimia volti 12 za betri kwenye pikipiki yenye CDI, ile boksi ya elektroniki inayosimamia cheche, unaweza ukaiua CDI papo hapo.

Kwahiyo fanya hivi. Toa waya ya betri kwanza, ile ya upande wa erthi. Chukua multimita weka pale panapolia waya mbili zikiwa zimeungana, kamata swichi ya zamani na upime kila waya na kila waya mwenzake, funguo ikiwa imezimwa, ikiwa imewashwa, na pale pa kuegesha kama papo. Andika kwenye karatasi zipi zinalia pamoja. Kisha fanya hivohivo kwa mpya, afu oanisha kazi na kazi. Rangi isahau. Kama ya zamani hailii popote ifungue, shaba za ndani zitakuonyesha zilikuwa zinagusana wapi.

Na ukiifungua angalia vizuri maana inawezekana hata mpya huihitaji. Shaba zikiwa nyeusi tu, spirit na msasa laini kabisa na grisi kidogo zinairudisha, na mimi naipenda swichi ya kiwandani iliyosafishwa kuliko mpya nyepesi inayolegea mkononi. Cheche dhaifu inasingiziwa koili na plagi wakati umeme unaishia njiani kwenye swichi. Pima volti kwenye betri, afu kwenye koili, funguo ikiwa imewashwa na platini (vile vidude vinavyofunga na kukata umeme wa koili) zimefunga, maana zikiwa wazi hakuna umeme unaotembea na mita itakudanganya kwamba kila kitu kizima. Ukipoteza zaidi ya nusu volti hapo katikati tafuta ugonjwa. Kwenye za volti 6 ndo kabisa, taa ya wati 30 inavuta ampea 5 wakati kwenye volti 12 ingevuta 2.5, na volti moja ikipotea kati ya sita umepoteza sehemu ya sita ya volti zote.

Kuunga kwenyewe, tafadhali sio kusokota na kuzungushia tepu. Tepu ikipata joto gundi inalainika inaachia, maji yanaingia, shaba inaota ukijani. Tumia vichwa vya kubana, vibane na kifaa chake, juu yake weka ile mipira inayosinyaa kwa joto. Acha waya ziwe na ulegevu kidogo shingoni, geuza usukani kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho uone hakuna inayovutwa wala kubanwa.

Ukirudisha betri usiwashe injini kwanza, washa funguo tu na uguse kila waya na kila kiungo kwa vidole dakika mbili tatu. Kikianza kupata joto zima. Kikiwa baridi piga kiki, iache iungurume, kisha zima kwa funguo uone inanyamaza. Ile swichi ya zamani mimi naiweka kwenye kopo pamoja na karatasi yake ya vipimo, nimeifunga kwa waya hukohuko.